Simu Walizompigia Mdogo Wangu

Mimi nafundisha udereva, na sifundishi kwa upole. Anayetaka upole aende kwa bibi yake. Gari langu lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu, na hii ya kwangu imeokoa mbuzi, baiskeli, ukuta wa shule, na bwana mmoja mnene aliyekuwa anavuka barabara huku anasoma gazeti. Wanafunzi wananiita Breki. Wanadhani sijui. Wanalitaja jina hilo ofisini mlango ukiwa wazi, halafu nikitokea wote wanaligeukia bango la alama za barabarani na kulisoma kwa heshima kubwa, na baadhi yao hata alama ya kusimama hawaijui.

Kazi yenyewe niliipata kwa mlango wa nyuma. Baba alifariki mapema, mama akawa anafua mashuka ya nyumba ya wageni, nami nikaenda kuosha magari kwenye gereji. Fundi mkuu wa pale alikuwa mvivu wa kutupwa. Badala ya kuingiza magari mwenyewe, alinirushia funguo: "Hebu lirudishe lile mpaka ukutani." Kwa hiyo nilijua kurudi nyuma kabla sijajua kwenda mbele. Baadaye nikaendesha gari la mikate, kisha nikapata leseni ya kufundisha, na tangu hapo nimekaa kiti cha abiria nikipiga kelele. Sikujaaliwa mtoto. Mume nilikuwa naye, akaona kelele zimezidi, akaenda zake, na sina neno naye.

Kanuni yangu ya kwanza ni simu. Ndani ya gari langu haiwashwi simu, ya mwanafunzi wala yangu. Asubuhi nikifika naizima ya kwangu, naitia kwenye droo ya meza, nafunga, na sifungui mpaka gari la mwisho limeegeshwa. Mwenye shule alishanigombeza mara nyingi, eti wateja wanapiga hawanipati. Nikamwambia aniletee mtu mmoja aliyekufa kwa kutopokea simu. Hakuniletea, na droo ikaendelea kufungwa.

Ndiyo sababu kliniki ya figo walikuwa na namba ya mdogo wangu, si yangu. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu wakisikia habari yangu hukimbilia kuuliza, "Sasa kwa nini hukuwapa namba yako?" na mimi natamani kuwatia kofi.

Kwa mama tuko wawili tu. Mimi wa kwanza, yeye kitinda mimba, na kati yetu kuna miaka mingi na watoto ambao hawakukaa. Kwa hiyo yeye alilelewa kama yai. Nilimbeba mgongoni, nikamwogesha, nikamsuka, nikampeleka shule. Akilia, nilichapwa mimi. Akicheka, nyumba nzima ilicheka. Na kweli ana tabia nzuri, siwezi kumsingizia: mpole, msikivu, machozi yake yako karibu. Ameolewa, ana watoto, anafanya kazi duka la miwani, na wazee wote wa mtaa ule wanataka kuchaguliwa fremu na yeye. Mtu angeniambia siku zile kwamba huyu atanizunguka, ningemtimua kwa fagio.

Ugonjwa ulianza miguuni. Viatu vikawa vinakataa jioni. Nikasema ni kukaa sana kwenye gari, mguu wa breki haupumziki. Mdogo wangu ndiye aliyenikokota hospitali, na huko daktari, mzee mmoja mwenye sauti ya chini, akanipima presha, akanitoa damu, akaniambia presha imekuwa ikizila figo zangu polepole bila kelele. Figo ni chujio, akasema. Chujio likichakaa, uchafu unabaki kwenye damu, na uchafu huo unapimika. Nitakuwa nakwenda kila mwezi kupimwa, nameza dawa, napunguza chumvi. Ikifika siku chujio limeshindwa kabisa, ni mashine ya kusafisha damu, au figo ya mtu mwingine.

Tulipotoka, pale pale kwenye ukumbi, mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, ikifika siku hiyo chukua yangu. Mbili zote za nini?"

Nilimwambia aache upuuzi. Hakuacha. Alikwenda akapimwa, ikaonekana damu zetu zinapatana na yeye mzima wa afya, na daktari akasema hilo ni jambo kubwa, wengi hawana bahati hiyo. Nilikwenda kukaa ndani ya gari nikalia. Mimi si mtu wa kulia. Mwenzangu kazini, yule anayefundisha malori, naye aliposikia akajipiga kiunoni: "Mwalimu, nami ninazo mbili, zote zinapiga kazi. Ukitaka sema." Nilicheka, nikamwambia azitunze azipeleke kwenye malori yake, mimi nina ndugu. Nilisema "nina ndugu" kwa kiburi, shingo imenyooka.

Kliniki hiyo ina chumba kidogo mwisho wa ukumbi, karibu na stoo ya magodoro. Humo kuna binti mmoja mrefu, mtu wa takwimu, ambaye hashiki mgonjwa wala sindano. Kazi yake ni kuchukua vipimo vyetu vyote na kuvitia kwenye programu ya kompyuta. Siku ya kwanza nilimuuliza ana kazi gani hasa, maana daktari namba ya damu anaiona mwenyewe.

"Daktari anaona gari limefika wapi leo," akanijibu. "Mimi naangalia limekuwa likiendaje tangu lilipotoka."

Nikamwambia huyo angefaulu mtihani wangu asubuhi ya kwanza. Akacheka, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na nukta, kila nukta ni siku niliyotoa damu, na mstari uliopita katikati yake. Nukta moja inaweza kudanganya, alisema. Umekula nyama nyingi jana, hukunywa maji, umeshinda juani unawafokea watu, nukta inaruka. Ndiyo maana wanapima na kupima tena. Programu inautazama mwendo mzima, inaulinganisha na mwendo wa wagonjwa wengi waliotangulia, halafu inasema kati ya watu mia wenye mwendo kama wangu ni wangapi wataangukia kwenye mashine katika miaka miwili ijayo. Na kila nikileta nukta mpya, inapiga hesabu upya.

"Kumbe mnapiga ramli na umeme."

"Siyo ramli, mwalimu. Haisemi wewe utakuwaje. Inasema wenzako wa mwendo huu wengi walifika wapi."

Chini ya mchoro kulikuwa na mstari mwekundu umelala. Nikamuuliza kama pale ndipo kaburini. Akatikisa kichwa. Pale ni mahali figo zinapochoka kufanya kazi peke yake, basi. Mtu akipata figo nyingine, mstari wake unapanda tena, na ni vizuri zaidi aipate kabla hajagusa pale, maana mashine nayo ina machovu yake. Kazi ya programu ni kuwaamsha mapema. Wakiona mstari unainama, watapiga simu.

"Tumpigie nani?" akauliza, maana namba yangu alishaijaribu.

"Mdogo wangu," nikasema. "Huyo hupokea mlio wa kwanza."

Basi mwaka ukapita vizuri. Nukta zangu zilikaa zimelala, kila mwezi moja. Mdogo wangu alikuja nami kila mara, ananibebea mkoba, anawauliza manesi habari za watoto wao. Nilikula chakula kisicho na chumvi mpaka ulimi ukasahau. Nilikuwa na matumaini, sioni haya kusema. Nilikuwa namtazama akitembea mbele yangu kwenye ukumbi ule, na nafsi yangu inasema: huyu anatembea na uhai wangu.

Halafu ikaja siku ya kliniki iliyoangukia siku ya mtihani wa barabarani. Nilitoa damu asubuhi na mapema, nikakimbilia kazini, nikamwachia yeye majibu. Jioni akaja kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti, hakunywa hata chai.

"Wamesemaje?"

"Uko vizuri, dada. Vizuri mpaka wamesema usijisumbue kila mwezi. Urudi baada ya nusu mwaka."

Nilimkumbatia. Siku ya pili nikajinunulia viatu vyekundu ambavyo sikuwa na pa kuvivalia.

Miezi ikaenda, na mwili ukaanza kuniambia mambo mengine. Nachoka kabla jua halijapanda. Ngozi inawasha. Chakula kina ladha ya sarafu mdomoni. Nikimwambia mdogo wangu, ananijibu upole upole, "Umri huo, dada, na kazi yako ya kelele." Mara moja nilitaka kwenda kliniki kabla ya siku yangu. Akasema hapana haja, amewapigia mwenyewe, wamesema ni kawaida. Nilimwamini. Utamwamini nani zaidi ya yule uliyemfundisha kufunga vifungo vyake? Siku ya kurudi ilipofika akasema wameahirisha, daktari yuko safari. Hilo nalo nikalimeza.

Yule binti wa takwimu alinikuta uwanjani kwetu, nikimfundisha mama mmoja kuegesha kati ya mapipa. Nilimwona anakuja na sketi yake ndefu akikwepa madimbwi, nikafurahi, nikadhani amekuja kujiandikisha.

"Hatimaye! Karibu. Ila kwanza hivyo viatu hapana."

Hakucheka. "Mwalimu, kwa nini uliacha kuja?"

"Nani aliyeacha? Si mmesema nije baada ya nusu mwaka, kisha daktari akasafiri?"

Akasema daktari hajasafiri. Akasema hakuna aliyetaja nusu mwaka. "Ile damu yako ya mwisho ndiyo iliyouinamisha mstari. Tulimpigia mdogo wako jioni ile ile. Tukampigia tena, na tena. Alisema umeshaambiwa, unajua yote, ila umeamua kungoja kwanza na hutaki kusumbuliwa. Daktari akasema ni haki yako."

Mama wa mapipa akagonga pipa. Sikumfokea. Nilimwambia ashuke aende nyumbani, somo limekwisha.

"Na wewe umenifuata kwa nini leo?" nikamuuliza binti, maana ulimi ulikuwa haujui pengine pa kushika.

Akanieleza, taratibu, tumesimama juani. Zamani programu yao ilikuwa na upofu. Mgonjwa asipokuja, ilimhesabu yuko pale pale ilipomwacha, kana kwamba amekaa anaisubiri. Yeye akarudi kwenye mafaili ya zamani na kuona kwamba wanaonyamaza mara nyingi ndio wanaoteremka. Anayejisikia vibaya hana nguvu ya kuja, au anaogopa, au kuna kitu. Basi akaibadilisha hesabu, ukimya nao ukawa kipimo. Alipoiendesha upya, jina langu lilikuwa juu kabisa. "Nikasema hapana, huyu nitamtafuta kwa miguu yangu. Na kosa ni letu pia. Tulipaswa kuyasikia kwa kinywa chako."

Nilikwenda naye siku hiyo hiyo, wakanitoa damu. Daktari alizungumza chini kuliko kawaida. Mstari ulikuwa umefika karibu kabisa na ule mwekundu, na mashine itabidi ianze ndani ya wiki chache. Figo ya mdogo wangu bado ingefaa, akasema, na ningenyanyuka nayo vizuri. Lakini kama tungeanza tangu zile simu za kwanza, tungefanya haya mimi nikiwa na nguvu, bila mashine. Au tungetafuta mtu mwingine. Nikamtajia mwenzangu wa malori. Akauliza afya yake. Nikakumbuka kwamba mwenzangu huyo kwa miezi michache sasa anajidunga dawa ya sukari, na mwenye sukari hatoi figo. Siku alipojitolea alikuwa mzima kama ng'ombe. Mimi nikamcheka.

Nilikwenda moja kwa moja duka la miwani. Mdogo wangu alikuwa anampimisha mzee mmoja fremu. Aliponiona tu, akarudi nyuma mpaka kwenye makabati, na hapo nikajua jibu, ila nilitaka alitamke.

"Walikupigia?"

Akaanza kupanga fremu kabatini.

"Nakuuliza wewe mtoto! Walikupigia hawakukupigia?"

"Walinipigia, dada."

"Ukawaambia mimi sitaki?"

Machozi hayo. Yanakuja upesi, hata hayapigi hodi. "Niliogopa. Niliota wananipasua. Nina watoto wadogo. Kila wakipiga nasema kesho nitamwambia, kesho nitamwambia."

"Ungesema hapana! Neno moja, hapana, limekushinda?"

"Wewe huambiwi hapana, dada," akasema. "Hujawahi kuambiwa."

Hilo lilinichoma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Lakini nikamjibu hapo hapo, mbele ya mzee na fremu zake. Nikamwambia hapana ningeimeza. Ningekununia wiki, mwezi, ningekusema kwa majirani, halafu ningekwenda kutafuta mtu mwingine, na mtu mwingine nilikuwa naye! Figo ni yako, kuninyima ni haki yako. Muda haukuwa wako. Muda ulikuwa wangu, na umeula huku unanibebea mkoba. Yule mzee akavua fremu, akasema atarudi siku nyingine.

Mdogo wangu akapiga magoti kati ya makabati. Akasema nimpe nafasi, atakwenda kwa daktari, atatoa. Nikamwambia sitaki kuombwa, nataka kuona miguu ikitembea. Na moyo wangu, mjinga huo, ukaanza tena kutumaini.

Hospitali yao ina utaratibu: anayetoa figo anazungumza na daktari peke yake, mlango umefungwa, ndugu nje. Siku ya mazungumzo hayo mama alikuja naye. Amezeeka mama, anatembea ameshika ukuta, lakini alikuja. Tulikaa kwenye benchi, mimi na yeye, mlango ukiwa umefungwa. Sikuwa nimemweleza lolote kuhusu simu. Nilisema mama ana presha yake, kwa nini nimuue kwa habari ya mwanawe.

Mlango ukafunguka. Mdogo wangu akatoka uso umelowa, akapita mbele yangu, akaenda kujitupa kifuani kwa mama. Daktari akaniita kwa kidole. Akaniambia, "Hatutaendelea naye. Ana haki ya kusema hapana, na sina la kuongeza." Akanishika bega. Nilirudi nje, mama anampigapiga mgongoni anamwambia basi, basi, mwanangu, yamekwisha.

"Mama, usimbembeleze," nikasema. "Hakuna aliyemkataa. Yeye ndiye amekataa. Na hujui yote. Miezi yote hii hospitali wamekuwa wakimpigia simu niletwe haraka, na yeye akiwaambia sitaki."

"Najua," mama akasema.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

"Nakusikia, mwanangu. Kila walipompigia, yeye alinipigia mimi. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Kuna watu walikuwa wanapita pale ukumbini, nesi mmoja na toroli la dawa. Nilisogea toroli lipite.

"Alikuja usiku analia," mama akaendelea. "Akasema kompyuta ya hospitali imeonyesha mstari wako unateremka kaburini. Nimezika watoto. Nikajiambia, kama huyu mkubwa anakwenda, basi nimshike huyu anayebaki. Nisije nikawakosa wote kwa kisu kimoja."

Nilimtazama mdogo wangu. Yeye alikuwa anatazama sakafu. Yeye alielezwa na daktari, alielezwa na binti, alijua vizuri mstari ule unakwenda wapi. Alimpelekea mama habari ya kaburi badala ya mashine kwa sababu alitaka kuruhusiwa anyamaze.

Nilimshika mama mkono nikampeleka mwisho wa ukumbi, kwenye kile chumba cha pembeni ya stoo ya magodoro, mdogo wangu akitufuata. Nikamwambia binti wa takwimu, "Huyu ni mama yangu. Tafadhali mwonyeshe mstari wangu, na mwambie pale chini pana nini."

Binti alimpa mama kiti. Akamwonyesha nukta moja moja, na pale zilipokatika, na pale zilipoanza tena chini kabisa. Akamwambia, "Pale kwenye wekundu si kifo, mama. Ni mashine. Na akipata figo, mstari unapanda hivi." Akachora kwa kidole hewani, juu, juu. "Wenye hali kama yake, wengi wao huishi miaka na miaka wanafanya kazi zao. Huyu ungemwona anafoka mpaka uzeeni."

Mama aliangalia mchoro ule kwa makini, mdomo ukichezacheza. Nami moyoni nikasema sasa. Sasa ameelewa, sasa atamgeukia yule mtoto, atamwambia neno, maana yule mtoto hajawahi kumpinga mama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nimeshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, nangoja.

"Na huyu mdogo," mama akauliza, "akitoa moja, mstari wake yeye unakwendaje?"

Binti akanitupia jicho. Ni mtu mkweli, hawezi kusema uongo hata kidogo, na siku hiyo niliomba awe muongo. "Hatari kwake ni ndogo, mama. Ndogo sana. Wengi mno hawapati tatizo lolote."

"Lakini ipo."

"Ipo. Siwezi kusema haipo."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa alichokuja kuchukua. Akainuka kwenye kiti. Akanipapasa shavu kwa ule mkono wake wa kufua, mkavu, wenye joto.

"Wewe una nguvu, mwanangu," akasema. "Siku zote wewe umekuwa na nguvu. Utaiweza mashine."

"Mama, mimi pia ni mtoto wako."

"Najua," akasema.

Wakatoka. Nilisimama mlangoni kwa binti nikiwaangalia wanavyokwenda, mama hakushika ukuta tena, alikuwa amemshika mdogo wangu kiwiko. Walipofika mwisho wa ukumbi nilimsikia akimwambia aangalie ngazi, zimepigwa deki, asije akateleza.